At the Mountains of Madness ya Lovecraft: mwanzo unaboa, usiuruke

Niseme mapema, theluthi ya kwanza ya hiki kitabu ni vifaa. Sitanii. Wewe umekaa unasubiri madude ya kutisha kutoka anga za mbali, msimulizi anakupa keekee. Anakueleza mtambo wa kuchoronga mwamba aliobuni mwenzake Pabodie, ulivyo mwepesi na unavyobebeka, ndege za Dornier zilivyotengenezwa maalum kwa kuruka juu sana, mbwa wa Alaska wa kuvuta sleji, halafu meli mbili zinang'oa nanga Boston tarehe 2 Septemba 1930, zinapita mfereji wa Panama, zinagusa Samoa, zinaingia Hobart kule Tasmania kubeba mahitaji ya mwisho, ndo sasa zinashika njia ya Antaktika, lile bara la barafu la kusini. Kurasa kwa kurasa. Watu kibao wanakiweka chini hapo hapo wanaenda kuandika kwamba kinaboa. Ni kweli kinaboa. Ila kinaboa kwa makusudi, na ukiruka hizo kurasa ukakimbilia kwenye madude, yatakufikia mepesi, hayatakufanya kitu.

Kwa ambaye hajawahi kukisikia, ni hadithi ndefu ya H. P. Lovecraft, Mmarekani wa Providence, Rhode Island, aliyezaliwa 1890 akafa 1937 bila hela na bila jina kubwa. Hii aliiandika mwanzoni mwa 1931, akaipeleka Weird Tales, jarida ambalo lilikuwa limeshamchapishia hadithi nyingi, mhariri akaikataa, ndefu mno. Mzee akaumia vibaya sana. Ikakaa miaka mpaka wakala mmoja akaiuza kwa Astounding Stories, ikatoka vipande vitatu, Februari hadi Aprili 1936, kwa dola 350. Na hao nao wakaikatakata, aya ndefu wakazivunjavunja, mwishoni wakanyofoa baadhi ya sehemu, Lovecraft akachukia hasa. Hili nalitaja kwa sababu linahusu toleo utakalolichukua wewe, ntalirudia huko chini.

Msimulizi ni Profesa Dyer, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Miskatonic (usihangaike kukitafuta mtandaoni, ni cha kubuni), na kitu cha kwanza anachokwambia ni kwamba hataki kusimulia. Yeye na wenzake walikubaliana kukaa kimya, lakini sasa kuna msafara mwingine unaandaliwa kwenda kuchoronga kulekule, kwa hiyo inabidi aseme kila kitu awazuie. Yaani hii unayoisoma ni onyo la mtaalamu kwa wataalamu wenzake, ndo maana ya zile keekee. Anajua akianza na majini watamcheka, basi anaanza na tarehe, latitudo, majina ya enzi za miamba, nani alichoronga wapi akapata nini. Anapofika pale pa kusema jambo lisiloaminika, wewe umeshamzoea kama mtu asiyetia chumvi, na ukishamwamini umekwisha. Huo ndo ujanja wa kitabu kizima kwa maoni yangu, kuliko hata lile dude la mwisho ambalo kila mtu analizungumzia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya redio. Kuna profesa mwingine anaitwa Lake, mwanabiolojia, king'ang'anizi, amejitenga na kundi kuu kufuata alama za ajabu alizoziona kwenye jiwe, na kila baada ya muda anarusha taarifa. Sentensi fupi fupi, zimekatwa kama telegramu, mtu hana muda wa sarufi kwa sababu mikono inatetemeka kwa furaha. Kwanza ameona milima, mirefu kupita Everest. Halafu keekee imetoboa pango limejaa visukuku. Halafu kuna viumbe humo ndani, 14, vinane vimekamilika kabisa. Mwili kama pipa, kichwa kama kiti cha pweza, yaani yule samaki nyota, mabawa yanayokunjwa, hajui aseme ni mnyama au mmea, ngozi kisu hakipiti vizuri, na mbwa wanabweka kama wamepagawa hawataki kukaa karibu navyo. Na kule kambi kuu wenzake wanafanya nini? Wanapongezana! Huu ni ugunduzi wa karne, wanapeana mikono, wanarusha habari dunia nzima. Hakuna mtu hata mmoja anayeogopa, wewe tu msomaji ndo unaogopa peke yako ukiwa na hizo kurasa mkononi, unataka kumpigia kelele Lake aachane na hivyo viumbe, na Lake anaendelea kupima urefu wa mabawa. Kisha unakuja upepo. Kisha redio haijibu.

Kuanzia hapa kuna spoila. Kitabu ni cha 1936, nadhani muda wa kutunza siri umeisha, lakini nimekutahadharisha.

Wanaporuka kwenda kwenye ile kambi wanakuta watu wamekufa na mbwa wamekufa, mmoja hayupo, anaitwa Gedney. Wale viumbe wanane wazima hawapo. Wale sita walioharibika wamezikwa wima kwenye theluji, na juu ya kila mmoja kuna kichuguu cha pembe tano. Na kuna maiti ya mtu na ya mbwa zimepasuliwa kwa utaratibu, na mtu aliyejua anachokifanya. Dyer anajikaza, anaandika kwamba labda Gedney aliingiwa wazimu. Unamwona kabisa anavyojidanganya. Hajasema kitu lakini umeshaelewa, na kinachotisha sio damu, ni kwamba mpasuaji wa upande ule amefanya kazi ileile aliyofanya Lake siku moja kabla, kwa sababu zilezile. Wale viumbe wameamka kwenye mahema ya wageni, wakakuta mwenzao amepasuliwa mezani, nao wakapasua ili wajue hawa ni kina nani. Ungefanya nini?

Sasa kwa nini haya yote yawe Antaktika na sio jangwani, au msituni, au chini ya bahari? Nimelifikiria sana hili maana hadithi za namna hii zinarudi kwenye barafu kila mara, tangu kina Edgar Allan Poe, mwandishi wa karne ya 19. Jibu rahisi ni kwamba kule hakuna wa kukusaidia. Sawa, lakini hata katikati ya bahari hakuna. Naona kuna mambo mawili mengine. La kwanza ni ramani. Mwaka 1931 Ncha ya Kusini yenyewe ilikuwa imeshafikiwa, Amundsen alikanyaga Desemba 14, 1911, Scott akafika Januari 17, 1912 akakuta mwenzie ameshatangulia, na Byrd aliruka juu yake kwa ndege Novemba 1929, yaani ilikuwa habari mbichi kabisa wakati Lovecraft anashika kalamu. Lakini bara lenyewe ni kama kilomita za mraba milioni 14 na sehemu kubwa ya ndani hakuna aliyekuwa ameiona. Ulikuwa unaweza kupachika milima mirefu kuliko Everest mule, na msomaji mwenye akili zake akakosa hoja ya kukukatalia. Leo tunajua mlima mrefu kuliko yote kule ni Vinson, mita 4,892, haufiki popote.

La pili, barafu inatunza. Jangwa linakausha, msitu unaozesha, barafu inaweka kitu kama kilivyo, na kama kitu kimewekwa kama kilivyo basi yale mamilioni ya miaka kati yako na chenyewe yanakuwa hayana kazi tena. Hofu ya Lovecraft ni hofu ya muda. Hataki kukwambia kuna zimwi nyuma ya mlango, anataka kukwambia kwamba kabla hujakuwepo, na kabla mababu wa mababu zako hawajawa hata samaki, kulikuwa na wenye mji hapa, haohao viumbe wa Lake, wenye sanaa na siasa na vita vyao, wakaishi wakazeeka wakafa, na wewe kwenye historia yao umetokea pembeni ya mchongo mmoja kama kinyama fulani cha kuchekesha ambacho mara nyingine kilikuwa kinaliwa. Hiyo ipo kweli kwenye kitabu, msimulizi anaipitia haraka haraka kama kitu kisicho na umuhimu, na mimi niliweka kitabu chini nikakaa kidogo. Uhai wote wa dunia, kwa mujibu wa michongo ya kwenye kuta za mji wao, wao ndo waliuanzisha, wakitengeneza chakula na vibarua, na hata haieleweki kama sisi tulikusudiwa.

Na sayansi aliyotumia haikuwa ya kubahatisha, tumpe haki yake. Nadharia ya Wegener kwamba mabara yanasogea wakati ule wanajiolojia wengi walikuwa wanaikejeli, ilikuja kukubalika vizuri miaka ya 1960, lakini Lovecraft ameiweka ndani ya hadithi, michongo inaonyesha mabara yakiachana. Kwamba Antaktika iliwahi kuwa na joto na misitu nalo halikuwa la kubuni, maana sleji ya Scott ilikutwa na mawe kama kilo 16 waliyoyakokota mpaka wanakufa, na ndani yake mlikuwa na visukuku vya mmea uitwao Glossopteris. Watu wanakufa kwa njaa na baridi na hawatupi mawe! Mwenyewe Lovecraft alikuwa hawezi baridi kabisa, kijibaridi cha kawaida tu kinamlaza, na ndo huyu ametuandikia upepo wa kwenye vile vilele unaopiga kama filimbi kwenye midomo ya mapango. Labda ndo maana umeandikika vizuri.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ukweli umekuja kumfuata kwa nyuma. Mwaka 1958 Wasovieti waligundua safu nzima ya milima, Gamburtsev, inayofananishwa kwa ukubwa na Alps, imefunikwa yote na barafu, huoni hata ncha moja ikichungulia. Na chini ya kituo cha utafiti cha Vostok, penyewe palipopimwa nyuzi 89.2 chini ya sifuri Julai 1983, kuna ziwa kubwa la maji, sio barafu, maji, chini ya karibu kilomita 4 za barafu. Hakuna mji, sawa. Lakini ile sehemu isiyojulikana haijaisha, imehamia chini tu, na watu bado wanaenda na keekee.

Sasa malalamiko, na ninayo ya kutosha.

Katikati ya kitabu, Dyer na mwanafunzi wake Danforth wameruka wawili peke yao kwenye upenyo wa milima, wameuona mji, wameshuka, wameingia. Hapa ndo palitakiwa pawe moto. Badala yake tunapewa somo la historia. Wanatembea na tochi masaa kadhaa wanaangalia michongo ukutani, na kutoka kwenye michongo hiyo profesa wa mawe anasoma kila kitu, vita na nani, amani mwaka gani, walihamia wapi, walikula nini, uchumi ulikuwaje, walioana au hawakuoana. Aisee. Wataalamu wanakaa miaka kubishana juu ya kipande kimoja cha mchoro wa pangoni, huyu kasoma mamilioni ya miaka kabla tochi haijaisha betri. Yale mawazo ni makubwa, nimeshayasifia, ila namna yanavyoletwa imenishinda. Theluthi moja ya sura hizo ingekatwa nisingelia.

Halafu vivumishi. Kila kitu ni cha kutisha, cha kale mno, kisichotajika, cha kuchukiza. Kuna mahali anakwambia hawezi kueleza, kisha anaeleza aya mbili nzima. Lovecraft wa kurasa za redio anajua kunyamaza, Lovecraft wa mjini hajui.

Na kuna hili la shoggoth, ambalo kwangu ndo kidonda cha kitabu. Wale wenye mji walijitengenezea watumwa, madonge ya nyama yanayobadilika umbo, wakayaamuru kwa nguvu ya akili yajenge na kubeba. Baadaye madonge yakaanza kupata akili, yakaasi, yakapigwa vita yakarudishwa kazini, yakaasi tena, na mwisho yakabaki yenyewe chini ya mji. Sasa Dyer anakuta wale viumbe walioamka kambini wameuawa na shoggoth, vichwa havipo, na hapo anawalilia. Anasema kwa uchungu kwamba hawa walikuwa watu kama sisi, wanasayansi, wameamka kwenye baridi ya dunia wasiyoijua, wamepigana, wamerudi nyumbani wakakuta nyumbani hapapo. Ni ukurasa bora kabisa, sijui hadithi nyingine ya kutisha ya zama zile inayogeuka hivi ghafla na kumhurumia jini wake. Lakini angalia anayemhurumia. Hawa waliopasua rafiki zake, na wenye watumwa, amewapa utu wote, na mtumwa aliyeasi akabaki kuwa uchafu, harufu mbaya na sauti aliyoiga kwa bwana wake. Hata hajiulizi. Anaweza kuvuka mamilioni ya miaka akaelewana na pipa lenye mabawa, lakini kuelewana na aliyefanyishwa kazi kwa nguvu hawezi.

Na hii sio mimi kutafuta makosa. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, wa wazi kabisa, imo kwenye barua zake na imo kwenye mashairi. Tuzo ya World Fantasy ilikuwa inatolewa kwa sanamu ya kichwa chake, Nnedi Okorafor alipoishinda 2011 akaandika wazi jinsi inavyokaa mwandishi mweusi kupewa kichwa cha mtu huyo kama heshima, na 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo inaachwa. Sisemi usisome. Mimi nimesoma na nitasoma tena. Nasema ukifika hapo kwenye shoggoth soma macho yakiwa wazi, kwa sababu hofu yake hapo haitoki anga za mbali, inatoka karibu sana, na ukiiona hivyo kitabu kinazidi kutisha kwa namna ambayo mwenyewe hakuikusudia.

Ile mbio ya mwisho ni safi. Kwenye mahandaki kuna pengwini weupe, vipofu, urefu wa kama futi 6, wanatembea tembea gizani bila habari na mtu, kichekesho na kitisho kwa pamoja. Kisha lile dude, shoggoth, linakuja nyuma ya Dyer na mwenzake kwenye handaki, na Danforth akili inamtoka, anaanza kutaja vituo vya treni ya chini ya ardhi ya kwao, South Station, Washington, Park Street, Kendall, Central, Harvard, mfululizo, kama kichaa. Ni njia ambayo msomaji wa Boston aliipanda kila siku kwenda kazini. Baada ya kurasa zote za vivumishi, kitu kilichoniingia mwilini ni orodha ya stesheni. Anaweza akitaka!

Danforth anakuja kuona kitu kingine tena wakiwa wanaruka kurudi, nyuma ya safu ya pili ya milima, na hicho hatuambiwi. Wapo wanaokasirika. Mimi naona ni sawa, tumeambiwa mengi mno tayari.

Kuhusu toleo: usichukue lolote linalofuata maandishi ya jarida la 1936. Tafuta lenye maandishi yaliyosahihishwa na S. T. Joshi, mtaalamu wa Lovecraft, yaliyotoka kwanza kwa wachapishaji Arkham House 1985, aya ndefu zimerudi na sehemu zilizokatwa zimerudi. Matoleo mengi ya sasa yanafuata hayo, na maandishi yenyewe yanapatikana bure mtandaoni kihalali, ni maneno kama elfu 40 tu, wikiendi moja inatosha. Kiingereza chake ni kigumu, sio cha kusoma ukiwa umechoka. Ukishindwa kabisa, kuna manga, yaani katuni ya Kijapani, ya Gou Tanabe, na humo hata somo la historia linapita vizuri kwa sababu unaiona michongo yenyewe badala ya kuhadithiwa. Filamu usisubiri, mwongozaji Guillermo del Toro alihangaika nayo miaka, studio ikaiacha 2011.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ukikimaliza nenda kwa John W. Campbell, Who Goes There?, ya Agosti 1938, jarida lilelile, bara lilelile, dude lililoganda barafuni miaka milioni 20, lakini pale hofu iko ndani ya chumba, nani kati yetu bado ni mtu, na kuna jaribio la damu na waya wa moto ambalo filamu ya 1982 ya The Thing imelichukua kama lilivyo. Ni fupi, ina kasi, watu wanaongea kama watu, na kama mtu hajawahi kusoma aina hii kabisa ningemwanzishia na hiyo kabla ya Lovecraft. Pym, riwaya ya Poe ya 1838, ndo iliyompa Lovecraft ule mlio wa ajabu wa kwenye handaki, Tekeli-li, na Danforth mwenyewe ameisoma. Isome kama una subira na mabaharia, maana safari ni ndefu kabla hujaona kipande cha barafu.